Nilisema kweli nikiwa na homa, kisha nikaisingizia sindano

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Si la sindano, si la muganga, wala si la shetani ambaye sisi watu wa kanisa tunapenda kumtwisha kila mzigo. Nilimpunguzia jirani yangu shamba. Homa ikanitisha, nikasema kweli. Homa ilipotoka nikaimeza tena ile kweli, nikasema ni chanjo ya korona iliyonichanganya akili. Kwa ajili ya maneno yangu mtu alikaribia kufa.

Leo naweza kucheka, na mke wangu anacheka kunishinda. Lakini siku zile sikucheka.

Jina langu sitaliandika, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Hata hivyo najua watu wa kilima chetu wakisoma hapa watasema, "Ni yule tu." Basi na waseme.

Mimi ni mkulima, upande wa Kalembe, huku Masisi. Nalima maharage na muhogo kwenye kilima alicholima baba yangu, na baba yake kabla yake. Jirani yangu wa upande wa chini nitamwita Papa Bahati. Ni mtu mpole, mwenye kifua kibovu tangu utotoni. Akipanda mlima utamsikia akipumua kabla hujamwona. Kati ya shamba lake na langu kuna mstari wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe tunayoipanda kuonyesha mpaka.

Mwaka mmoja vita vilikaribia, sote tukakimbia. Mimi nilirudi mapema. Papa Bahati na watu wake walikawia huko walikokimbilia. Nikawa natazama shamba lake limeota majani, udongo mweusi, mzuri, umelala bure. Nikakata vijiti vya muyenzi, nikavipanda upande wake wa mstari, hatua chache tu ndani. Ile ya zamani nikaing'oa. Muyenzi hauna shida, ukiuchomeka unashika. Papa Bahati aliporudi mstari mpya ulikuwa umeshasimama kama umezaliwa pale. Aliutazama, akanitazama, akasema, "Shamba imekuwa ndogo, ao ni mimi nimesahau?" Nikamjibu kwamba vita vinasahaulisha watu mambo mengi. Akatikisa kichwa, akaenda kulima kilichobaki.

Huo ndio mzigo niliokuwa nao tumboni siku chanjo ilipofika kwetu.

Muganga aliyeileta nitamwita Mama Esperansi. Anafanya kazi kwenye kituo cha afya kule barabarani, na alipanda kilima kwa miguu, kisanduku cha baridi begani. Aliomba nafasi ya kuongea kanisani baada ya ibada. Wakati huo maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ukichomwa hutazaa. Wengine walisema ukichomwa utaanguka siku hiyohiyo. Mimi, mwongoza nyimbo wa kanisa, nilizoea kuongea kwa sauti, na mbele ya watu nilijifanya simba. Nikasimama nikasema, "Mimi nitakuwa wa kwanza. Nani ameona muntu ya Masisi akiogopa sindano?"

Watu walipiga makofi. Kwa kweli nilikuwa naogopa kama wao, labda kuwashinda.

Hapo ndipo nilipofanya kosa dogo lililozaa makubwa. Baada ya kunichoma, Mama Esperansi alituketisha kwenye mabenchi akaanza kutueleza yatakayofuata. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimekunja mkono wa shati ili kila mtu aone pale nilipochomwa, nasimulia jinsi ambavyo sikusikia maumivu yoyote. Wenzangu walicheka. Muganga alisema maneno yake mpaka akamaliza, na mimi sikushika hata moja.

Kesho yake nilikwenda shambani. Mkono ulikuwa mzito, lakini nilisema ni jembe. Jua lilipoanza kuinama nikasikia baridi. Baridi gani hiyo, na jua bado linawaka? Meno yakaanza kugongana. Kichwa kikaniuma, viungo vikaniuma, hata ngozi ya mgongo iliuma shati lilipoigusa. Nikakumbuka maneno yote niliyoyacheka. Nikaacha jembe palepale, nikashuka nyumbani nikijishika kwenye migomba.

Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa nje anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akanitazama nikiingia nimejikunja.

"Weye uko na nini?" akauliza.

"Niko nafwa."

"Unafwa na nini?"

"Sindano. Bantu balisema, nikakataa kusikia."

Akaweka mtwangio chini, akanigusa paji la uso. "Ni homa hii. Muganga alisema homa itakuja, itaenda. Kunywa mayi, ulale."

Yeye alikuwa amesikiliza, unaona. Lakini nilidhani ananifariji tu, kama tunavyowafariji watu wanaoondoka. Nikalala, akanifunika blanketi, akaongeza kitenge juu yake, na bado nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Nikamwaza baba yangu. Nikamwaza Mungu akiniuliza habari za miyenzi. Nikasema, sitaweza kwenda mbele yake na udongo wa mtu kwenye vidole.

"Mama Furaha, uite Papa Bahati," nikasema. "Iko neno napashwa kumuambia mbele sijafwa."

"Lala kwanza."

"Muite."

Akamwita. Papa Bahati akapanda polepole, nikamsikia akipumua tangu uani. Akaketi kwenye kiti karibu na kitanda, kofia mkononi, uso wa huruma. Nikamshika mkono nikamwambia yote. Nilimwambia ni mimi niliyehamisha mpaka, na lini, na mstari wa zamani ulipitia wapi, kutoka jiwe kubwa mpaka kwenye mti wa mparachichi. Nikamwomba achukue chake na anisamehe.

Aliizungusha kofia vidoleni. Halafu akasema, "Kumbe sikusahau." Machozi yakamtoka. "Nilikuwa najisemea kila siku kama kichwa yangu imeharibika. Aksanti, jirani. Nimekusamehe. Uende vizuri."

Alikuwa ananiaga kabisa, maskini.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mtu akishaanza kutua mizigo anaona raha. Shemeji yangu, kaka ya Mama Furaha, alikuwa amekuja kutoka Bihambwe kutusalimu, naye alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia achukue koti langu la Jumapili, maana ninakokwenda sitalihitaji. Hakukataa. Hata hakuniambia nisikate tamaa. Aliuliza tu, "Liko wapi?"

Kisha nikamgeukia mke wangu. "Mama Furaha, ile mbuzi yako."

"Mbuzi gani?"

"Ile niliyosema watu wa bunduki walininyang'anya njiani."

Niseme wazi. Mama yake alimpa mbuzi jike, mweupe, mwenye afya. Mke wangu akanituma nimpeleke kwa dada yake upande wa Kashebere akapandwe na dume zuri. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Nikakutana na rafiki zangu tuliosoma pamoja, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwepo, moto ulikuwepo, na mbuzi alikuwepo, kamba yake mkononi mwangu. Sitaeleza zaidi. Nilirudi nyumbani nimejipaka matope, nikasema nimevamiwa.

Nikiwa kitandani nikamweleza hivyo hivyo. Alinitazama, kitambaa cha maji mkononi. Halafu akasema pole pole:

"Nilifunga kula juu ya bale bantu. Niliomba Mungu abasamehe. Kumbe nilikuwa naomba juu yako."

Akanikamulia kitambaa usoni, safari hii kwa nguvu kidogo, akatoka.

Nililala moyo mweupe. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Jogoo alipowika nikafumbua macho. Baridi hakuna. Kichwa chepesi. Nikagusa paji la uso, limepoa kama jiwe la mtoni. Mkono uliuma kidogo tu. Na njaa niliyokuwa nayo! Nikakaa kitandani nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikiwa katikati ya kushukuru nikasikia panga likikata kitu huko chini. Tap, tap, tap.

Ndugu yangu, nilikumbuka yote kwa mara moja.

Nilishuka mbio, bila viatu. Papa Bahati alikuwa amekwisha kukata sehemu ya miyenzi, anaipanda pale ilipokuwa zamani. Aliponiona alifurahi kwa kweli, akaliweka panga chini akafungua mikono.

"Uko muzima! Mungu iko."

"Niko muzima," nikasema. "Uko unafanya nini hapa?"

"Niko narudisha mupaka, vile ulisema."

Nikatazama maharage yangu yaliyokuwa yamesimama kwenye kile kipande, bado machanga, yenye afya. Nikatazama ule udongo. Mtu wa jana aliyekuwa anakwenda mbinguni alikuwa amekwisha kuondoka, nimebaki mimi.

"Mimi nilisema? Siku gani?" nikauliza.

"Jana. Ulikuwa umelala, ukanishika mukono."

Nikacheka. Nakumbuka kile kicheko na bado kinaniaibisha. "Ee Papa Bahati, ile haikuwa mimi. Ile ni sindano. Ilinichanganya kichwa kabisa. Sijue hata neno moja nilisema."

Alisimama na kijiti cha muyenzi mkononi, utomvu ukimdondokea vidoleni. Alinitazama kama alivyonitazama siku aliyorudi kutoka ukimbizini. Halafu akasema, "Basi kama ni sindano, ni sindano." Akachukua panga lake akaenda nyumbani. Mpaka ukabaki hivyo, nusu hapa, nusu pale, kama mdomo uliong'olewa meno.

Mama Furaha alikuwa amesimama juu, amesikia kila kitu. Nilipopanda akaniuliza, "Na mbuzi, ni sindano pia?"

"Ndiyo," nikasema. Nilikwisha kuingia, ningefanya nini?

"Aya," akasema. "Ulikoroga weye, utakunywa weye." Akaniwekea bugali mezani na tangu siku hiyo akawa ananiwekea tu. Alijibu nilipouliza, lakini neno la bure, la kuongea tu kama mtu na mumewe, hakunipa.

Nilidhani maneno yataishia pale kilimani. Lakini uongo haujui kukaa nyumbani. Siku ya soko nilipanda moto, yaani pikipiki, kwenda Kashebere, na mwendeshaji, ambaye hakunifahamu, akaanza kunisimulia habari mpya njiani.

"Papa, umesikia ya yule muntu wa upande wa Kalembe? Walimuchoma sindano ya korona, akaanza kusema siri zake zote. Siri zote, Papa. Alitaja mashamba aliyoiba, alitaja mbuzi alizokula, alitaja wanawake. Ile sindano inafungua kinywa kama ufunguo."

"Wanawake?" nikasema. "Hakukuwa na wanawake."

"Weye unajuaje?"

Nikajifanya natazama migomba mpaka Kashebere.

Sokoni habari ilikuwa ileile, na imeongezeka. Kwa mwuza chumvi nilikuwa nimeongea lugha zisizojulikana. Kwa mama wa samaki nilikuwa nimemkiri mke wa pili na watoto mapacha. Nilirudi bila kununua nilichokwenda kununua.

Mama Esperansi aliporudi na kisanduku chake kwa wale waliobaki, wanaume wa kilima chetu walikuwa wameenda kutafuta kuni, wote, siku moja. Hata wasiojua kuni zinapatikana wapi. Ila wanawake walijaa uani mwa kanisa. Muganga alifurahi, akadhani wamekuja kuchomwa. Walikuwa wamekuja kuuliza kama anaweza kuwachoma waume zao.

"Wako wapi hao waume?" akauliza.

"Wewe uache sindano tu, tutawachoma sisi," akajibu mmoja, na ua wote ukavunjika kwa kicheko.

Ukiisikia hivyo unacheka, na mimi nilicheka niliposimuliwa. Lakini wale wanawake pia walirudi nyumbani bila kuchomwa, maana kila mtu ana lake moyoni. Mama Esperansi alibeba kisanduku chake kama alivyokipandisha. Kabla ya kushuka alipitia kwangu. Hakukaa.

"Papa, siku ile niliwaambia nini baada ya sindano?"

Kweli sikujua.

"Niliwaambia mukono utauma. Unaweza kusikia homa, baridi, kichwa, viungo. Siku moja ao mbili, inaisha. Unakunywa mayi, unapumzika, homa ikizidi unameza dawa ya homa. Ikikawia, ao pumzi ikikusumbua, unashuka kwangu mbio. Nilisema inafundisha muntu kupima shamba la jirani, kutoka jiwe mpaka mparachichi?"

Nani alimwambia habari za mparachichi? Nikamtazama Mama Furaha. Alikuwa anachambua maharage kwa bidii sana.

Baada ya hapo nikajiambia, nitasema. Nitasema Jumapili. Jumapili ikifika nasema, nitasema ijayo. Ndivyo ilivyokuwa mpaka ugonjwa ulipopanda kilima.

Ulianza na kikohozi kwa watu wachache, wakapona. Kisha ukaingia kwa Papa Bahati. Yeye, kabla ya habari zangu, alikuwa amekwisha kumwahidi muganga kwamba atachomwa, kwa sababu ya kifua chake. Alijiondoa baada ya yangu. Mke wake aliniambia baadaye maneno aliyosema: "Mimi kichwa yangu walishaisumbua mara moja. Sitaki iharibike tena."

Asubuhi moja nikasikia makelele chini. Papa Bahati alikuwa ameketi mlangoni kwake, mikono imeshika magoti, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Midomo imebadilika rangi. Tukamtengenezea tipoyi kwa miti na blanketi, na wanaume wanne wakambeba mabegani kumshusha kituoni. Mimi nilikuwa wa mbele, upande wa kulia. Hakuna aliyenipa nafasi ile, niliichukua mwenyewe.

Njia ya kushuka inateleza asubuhi. Tulikwenda polepole, kila mtu akitazama miguu yake. Nyuma ya sikio langu nilikuwa nasikia ile pumzi. Ikinyamaza kidogo na mimi nanyamaza ndani. Tulipofika kwenye kijito tukamtua ili tubadilishane mabega. Wenzangu wakaenda kunywa maji. Yeye akafumbua macho, akaniona.

"Jirani," akasema. Alikuwa anakata maneno, moja, pumzi, moja, pumzi. "Ile siku. Ilikuwa homa. Ao ilikuwa kweli?"

Nilipiga magoti kwenye yale majani yenye umande. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mzima, naye ndiye aliyelala. Sikuwa na baridi, kichwa hakikuniuma. Sikuwa na chochote cha kukisingizia.

"Ilikuwa kweli," nikasema. "Yote. Sindano haikunifanya kitu. Ni mimi njo niliiba, na ni mimi njo nilidanganya."

Akafumba macho. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akainua kidole, kunionyesha amesikia. "Bon, sawa," akasema. "Sasa unibebe vizuri."

Nilimbeba vizuri. Sikukubali kubadilishwa bega mpaka barabarani.

Mama Esperansi alimpokea, akampa hewa ya chupa waliyokuwa nayo, kisha gari likapatikana la kumpeleka hospitali kubwa. Sitasahau zile siku za kungoja. Barabara yetu unaijua, siku moja iko wazi, siku nyingine haiko. Sikuweza kula. Nilishika jembe nikang'oa mstari wangu wote wa miyenzi, nikaurudisha kutoka jiwe mpaka mparachichi, nikijichuna mikono. Maharage yaliyokuwa kwenye kile kipande niliyapalilia, halafu sikuyagusa tena.

Jumapili nilisimama kanisani. Sikungoja nafasi ya matangazo. Nikasema kwamba mimi ndiye yule mtu wa sindano ya kufungua kinywa, na kwamba hakuna sindano ya namna hiyo. Nikawaeleza homa niliyoipata, jinsi ilivyoniuma na jinsi ilivyokwisha kwa usiku mmoja. Nikawaeleza mpaka. Nikawaeleza hata mbuzi, ingawa hilo halikuwa lazima, ila Mama Furaha alikuwa amekaa benchi la mbele ananitazama.

Halafu mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na bale banawake?"

"Hakukuwa na wanawake," nikasema.

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na mchungaji mwenyewe akashika Biblia mbele ya mdomo. Nilicheka na mimi huku machozi yananitoka. Hata hivyo waliniondoa kwenye kuongoza nyimbo kwa msimu mzima, na walifanya haki. Nilikaa na watoto benchi la pembeni, nikijifunza kunyamaza.

Papa Bahati akapona. Alirudi amekonda, shati linamchezea, lakini amerudi. Alishuka garini barabarani, tukamngoja na tipoyi, akakataa kupanda. "Nitaenda na miguu yangu," akasema, "nione shamba yangu vizuri." Ilituchukua muda mrefu. Alipofika kwenye mpaka akasimama, akapitisha macho kutoka jiwe mpaka mti. Akakiona kile kipande na maharage yaliyokauka vizuri, tayari kuvunwa.

"Haya maharage ni ya nani?" akauliza.

"Yako."

"Mbegu ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Lakini udongo ni wako."

Akafikiri. "Basi tutavuna wote wawili, na bibi zetu. Tutakula pamoja siku hiyo, halafu neno hili tusilirudie." Ndivyo tulivyofanya. Tulivuna, tukapika palepale shambani, na Mama Furaha akaniongelesha maneno ya bure mara ya kwanza tangu siku ile. Aliniambia tu kwamba moshi unanifuata kwa sababu niko mchafu. Nilisikia kama ameniimbia.

Mbuzi nilimlipa pia. Jike mweupe, na alimpeleka yeye mwenyewe kwa dada yake. Ila koti halikurudi. Shemeji analivaa kila Jumapili huko Bihambwe, na nikimuuliza anasema marehemu alimpa kwa moyo wake wote.

Siku ya sindano ya pili nilisimama tena wa kwanza, lakini safari hii nilikaa mbele nikasikiliza. Papa Bahati na yeye alichomwa siku hiyo, muganga alipomkubalia, na wanaume wa kilima wakatoka porini mmoja mmoja, bila kuni.

Kesho yake homa ikanijia kidogo, mkono ukauma. Nikanywa maji, nikalala. Jua lilikuwa bado juu nikasikia sauti uani. Majirani walikuwa wanaingia, na benchi wamebeba. Wakaketi wakizunguka kitanda, wanatabasamu, wananitazama kinywa.

"Muko munangojea nini?" nikauliza.

"Tuko tunakuangalia mugonjwa," wakasema.

Nikaomba uji. Nikauliza kama mvua itanyesha. Wakangoja wee, mpaka wakachoka wakaanza kusimuliana mambo yao wenyewe, na niwaambie ukweli, siku ile nilisikia mengi kuliko niliyoyasema maisha yangu yote. Mama Furaha aliwapikia bugali na sombe, wakaondoka jioni wameshiba. Mpaka sasa sijafungua kinywa changu juu ya waliyoyasema.

Nakuonya wewe unayesoma, kwa sababu mimi nilikaribia kumzika jirani. Ukichomwa chanjo, msikilize muganga anapoeleza yatakayofuata. Ukipata homa, ujue ni homa, kunywa maji, pumzika, na ikikawia mrudie. Usiipe habari miguu ambayo haina, maana itatembea mpaka kwa mtu mwenye kifua kibovu imwambie asijikinge. Na kama una neno la kumwambia jirani yako, mwambie leo ukiwa mzima, umesimama, usije ukapata homa ya kusingizia.